Nikisema, nitabaki na nani?

Mama Mshauri, assalaam alaikum.

Naomba jina langu lisitiriwe, kwa sababu mtaani kwetu Kisauni, hapa Mombasa, mtu hutambulika hata kwa namna anavyosimulia. Mimi ni mama wa watoto wawili, mke wa mtu anayeheshimiwa na wengi, na asili yangu ni Mpemba. Babu yangu alivuka kutoka kisiwani Pemba kabla ya Uhuru akifuata samaki, akaoa huku, na akazikwa huku. Hata hivyo baba yangu amezeeka bila kitambulisho, akivua kwa kujificha kwa kuwa hakuweza kupata leseni, na sisi watoto wake tulisoma mpaka pale palipohitajika cheti cha kuzaliwa. Serikali ilipotutambua Wapemba mwaka 2023 kuwa miongoni mwa jamii za Kenya, baba alilia mbele ya watu akiwa ameshika kitambulisho chake. Mimi pia nilipata changu. Ndugu zangu wawili mpaka leo wanaambiwa nenda rudi.

Mume wangu ni wa ukoo unaojulikana hapa mjini. Aliponiposa, kwetu ilionekana kuwa ni heshima kubwa, na mavyaa wangu hajawahi kuniacha nikalisahau hilo. Kupigwa kulianza kabla mtoto wa kwanza hajatambaa. Kwanza yalikuwa makofi, kisha mkanda, kisha mambo ambayo nashindwa kuyaandika, yakiwemo ya chumbani ambayo sikuyaridhia. Mwezi wa Shaaban uliopita alinikaba shingo mpaka nikaona giza, na kwa siku kadhaa sauti haikutoka sawasawa. Mavyaa aliwaambia majirani nina mafua. Kila ninapotamka kuondoka, mume wangu hunijibu kwa utulivu kabisa: "Nenda kituoni. Nitawaeleza kwamba nyinyi ni watu wa Pemba mliopata vitambulisho kwa hila, tuone baba yako atalala wapi."

Nilimweleza ami yangu. Alikuja na wazee wawili, wakakaa barazani na mume wangu na baba yake, mimi nikiwa jikoni nikitayarisha kahawa. Mume wangu alikiri kwamba ameteleza, ikasomwa fatiha, wakaagana. Wakati wa kutoka ami aliniambia pembeni kwamba mwanamke ni stara ya nyumba yake, na kwamba sisi tumetambuliwa juzi tu katika nchi hii, hatuna nguvu za kugombana na wenye mji.

Jirani mmoja alipoona shingo yangu alinipeleka kwa siri kwenye ofisi inayosaidia wanawake. Karani aliposikia ninavyozungumza aliniuliza kama mimi ni Mtanzania, mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja. Dada aliyenishauri alikuwa mpole, lakini hata sijamaliza kueleza aliniuliza kwa nini bado naishi na mtu huyo, kisha akanitaka nihamie makao salama siku hiyo hiyo. Nikamwuliza kama huko kuna pahala pa kuswali, kama kuna wanaume, na kama kutoka bila talaka hakutanifanya niitwe nashiza, yaani mke aliyemwasi mumewe. Akasema mambo ya dini tuyaweke kando kwanza. Najua nia yake ilikuwa njema. Lakini nilihisi kwamba ili niokolewe ni lazima nikubali kwanza kuwa watu wangu wote ni wabaya. Sikurudi tena.

Wa kwetu wananiambia nistahimili ili tubaki na amani, na wale wa ofisini wananiambia niache kila kitu. Mama yangu sijamwambia lolote, kwa kuwa ana ugonjwa wa presha. Je, mtu kama mimi ana pa kwenda bila kuwaangamiza baba na ndugu zangu? Na nikisema, nitabaki na nani?

Msomaji, Kisauni

*

Waalaikum salaam warahmatullah, mwanangu.

Kuna jambo ulilolitaja kwa haraka ambalo mimi siwezi kulipita. Umesema mumeo alikukaba shingo hadi ukaona giza, na sauti ikakupotea kwa siku kadhaa. Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inaweza kuumia bila kuacha alama juu ya ngozi, na uvimbe wa koo au kiharusi vinaweza kutokea siku kadhaa baada ya mkono kuondolewa. Kwa hiyo nakuomba uende ukapimwe hata kama sasa huna maumivu, na umwambie daktari waziwazi kwamba ulikabwa. Tena wanaochunguza visa vya wanawake waliouawa na waume zao wameona mara nyingi kwamba kukabwa kulitangulia, kiasi kwamba mume aliyewahi kumkaba mkewe huhesabiwa kuwa hatari zaidi kuliko aliyeishia kwenye makofi, ingawa makofi nayo ni dhuluma. Sikuelezi haya ili nikulazimishe uamuzi wowote. Nayasema kwa sababu wanaokutaka ustahimili wanadhani kwamba hali itabaki kama ilivyo, nami sioni dalili hiyo katika barua yako.

Nieleze sasa nilivyokuelewa. Mumeo anakudhulumu kwa mkono wake, na anakudhulumu pia kwa hofu ambayo jamii yenu imeishi nayo tangu enzi za babu yako. Wazee wako wamekuletea sulhu iliyokuacha pale pale. Waliotaka kukusaidia nao walikupa msaada uliokutaka uiweke kando swala yako, ndoa yako kama unavyoifahamu, na watu wako, yaani mambo yale yale yaliyokuwezesha kuvumilia mpaka leo. Unauliza kama una pa kwenda, lakini naona unaloliogopa zaidi ni kama utaendelea kuwa binti wa watu wako baada ya kusema. Ni swali zito na sitajifanya kwamba lina jibu jepesi.

Tuanze na tisho la vitambulisho, kwa maana ndilo linalokuzuia kuyafikiria mengine yote. Uraia wa Kenya haufutwi kwa mtu kwenda kituoni na kusema neno. Ibara ya 17 ya Katiba imetaja sababu ambazo kwazo uraia wa kuandikishwa unaweza kubatilishwa, kama vile kuupata kwa udanganyifu, na udanganyifu ni jambo la kuthibitishwa kwa ushahidi. Familia yenu ilivipata vitambulisho hadharani, baada ya miaka mingi ya kudai, serikali yenyewe ikiwa imeshaitambua jamii yenu kama ilivyowatambua Wamakonde kabla yenu. Watoto wako, kwa kuwa baba yao ni Mkenya, ni raia wa kuzaliwa. Na hata mtu ambaye hana karatasi yoyote mkononi, Ibara ya 29 inampa haki ya kutotendewa ukatili, uwe wa serikali au wa mtu binafsi.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Ninajua pia kwamba baina ya kilichoandikwa na kinachomkuta mtu kwenye dirisha la ofisi pana masafa, na nisingekuwa mkweli nikikuahidi kwamba hakuna afisa atakayekuuliza unakotoka kwa sababu ya lahaja yako. Ndugu zako ambao bado hawajapata vitambulisho wana haki ya kuwa na wasiwasi. Kwa hiyo huenda hatua ya kwanza isiwe kituo cha polisi, bali wakili anayeyafahamu masuala ya ndoa na ya uraia kwa pamoja. MUHURI, shirika la Waislamu la kutetea haki za binadamu, na FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi zao hapa Mombasa. Kumwuliza wakili hakukufungi kushtaki. Unaweza kwenda na swali moja tu: mume wangu akitoa maneno yale, ni nini hasa kinachoweza kuwapata baba na ndugu zangu? Jibu la mtu anayeijua sheria huenda likalipunguza tisho hilo, au likakuonyesha mahali palipo na hatari ya kweli ili mjitayarishe. Kwa hali zote mbili utakuwa umetoka katika giza analokuwekea mumeo.

Kuhusu ami yako, simwoni kuwa ni mtu aliyekosa huruma. Mzee aliyeishi maisha yake yote akiogopa kuulizwa karatasi hujifunza kwamba usalama ni kunyamaza, na ndicho alichokupa kwa kuwa ndicho alicho nacho. Ila nimekisoma kisa cha kile kikao zaidi ya mara moja, na sikuona pahala ulipoulizwa wewe neno. Ulikuwa jikoni. Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, inataka mwamuzi mmoja kutoka kwa watu wa mume na mmoja kutoka kwa watu wa mke, na waamuzi hawawezi kuamua jambo ambalo hawakulisikia kutoka pande zote mbili. Je, wazee wale walijua habari ya shingo? Au walisikia tu kwamba mume ameteleza? Sikusudii kukuambia kwamba kikao cha wazee hakifai. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 159, inautambua usuluhishi wa kijadi, mradi usiende kinyume na haki za msingi za mtu. Nauliza tu kama kile kilichofanyika barazani ni sulhu mnayoijua nyinyi, au ni kitu kilichovaa jina lake.

Na hiyo stara, mwanangu, nakuomba uifikirie upya pamoja na mtu wa elimu unayemwamini. Tumefundishwa kusitiri aibu za watu, na ni mafundisho mema. Lakini katika Sura hiyo hiyo, aya ya 148, Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba hapendi maneno mabaya kutangazwa, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Hilo la kuitwa nashiza pia mwulize sheikh, na mkewe sheikh akiwa ni msomi, mwulize yeye. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa Pwani, wamekutaja kuihofia nafsi kuwa miongoni mwa udhuru unaomruhusu mke kutoka nyumbani bila kuhesabiwa kuwa nashiza. Swali lako halikuwa la kuwekwa kando. Lilikuwa ndilo la kujibiwa kwanza, kwa kuwa bila jibu lake usingeweza kulala katika nyumba yoyote ile, iwe salama namna gani.

Hapa naomba ruhusa yako niwageukie kidogo wanaofanya kazi ya kuwasaidia manusura, kwa maana najua wengi wao husoma safu hii. Mwanamke huyu aliwajia akiwa ameshakabwa, na aliondoka kwa sababu ya lahaja yake kuulizwa uraia na swala yake kuitwa jambo la baadaye. Kumwuliza mtu kwa nini bado anaishi na anayempiga, kabla hujajua ni nani atakayemhifadhi akitoka, ni kumrudishia lawama aliyokuja akiikimbia. Makao yanayopokea Waislamu yanapaswa kuwa na majibu tayari kuhusu pahala pa kuswali, chakula, wanaume wanaoingia, na eda ikiwa talaka imetoka. Na karani wa mapokezi ahesabiwe kuwa sehemu ya huduma, kwa kuwa yeye ndiye sauti ya kwanza ambayo manusura huisikia. Haya si mapambo ya kuongezwa baadaye fedha zikipatikana. Wanawake wa jamii zilizosukumwa pembeni huamua mlangoni kama watarudi.

Turudi kwako. Umeiona njia ya kustahimili na njia ya kuacha vyote, nami nadhani baina ya hizo zipo nyingine, kila moja ikiwa na faida na hatari yake.

Hospitali Kuu ya Pwani ina kitengo cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili, na huhitaji kupita kwa polisi kwanza ili utibiwe. Ukipimwa, kumbukumbu zako zitabaki pale hata kama hutaki kushtaki leo, na zitakufaa iwapo siku moja utahitaji kuthibitisha madhara mbele ya hakimu au Kadhi. Ukiamua kuripoti, omba kuhudumiwa na afisa mwanamke kwenye dawati la jinsia, na ujue kwamba fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako, haitozwi malipo. Hatari ya njia hii ni habari kuvuja, kwa kuwa mji wetu una masikio mengi, kwa hiyo fikiria ni nani utakayekwenda naye na utasema umekwenda wapi.

Ipo pia Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, ambayo wanawake wengi wa mitaani kwetu hawajasikia habari zake. Sheria hii inahesabu kuwa ukatili si vipigo tu, bali pia vitisho, dhuluma ya kingono ndani ya ndoa, na hata kuingilia kwa wakwe. Yale ya chumbani uliyoshindwa kuyaandika yana jina mbele ya sheria hii, ingawa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haikumgusa mume aliyeoa kihalali. Chini yake unaweza kumwomba hakimu agizo la ulinzi la kumzuia mumeo asikukaribie au asikutishe, na agizo la muda linaweza kutolewa hata kabla yeye hajaitwa. Ukiogopa kwenda mwenyewe, mtu mwingine anaweza kukuombea. Si talaka, na halikulazimishi kuivunja ndoa. Lakini ni karatasi, na mwanamume anayeamini kwamba mji ni wake anaweza kuidharau au kukasirika zaidi anapoipokea, kwa hiyo halifai kuombwa kabla hujajua utakuwa wapi siku atakayopelekewa.

Mahakama ya Kadhi ni mlango mwingine. Kadhi husikiliza maombi ya khului, yaani mke kujikomboa kwa kurudisha mahari, na ya faskhi, yaani Kadhi kuivunja ndoa, matunzo na mengine ya ndoa, na anayazungumza katika lugha unayoielewa na kwa hukumu unazoziamini. Khului huenda ikakugharimu mahari, na faskhi itakutaka uthibitishe madhara, na hapo ndipo karatasi za hospitali zinapokuwa na maana. Ila Kadhi hashughulikii jinai, kwa hiyo usimtarajie akulinde na kipigo cha usiku wa leo.

Na ikiwa utaamua kubaki kwa sasa, sitakuona dhaifu. Wakati wa kuondoka ndio unaokuwa na hatari kubwa kwa wanawake wengi, na wewe ndiye unayeijua hasira ya nyumba hiyo. Lakini hata anayebaki anaweza kujiandaa. Vyeti vya watoto na kitambulisho chako, au nakala zake, vikae kwa yule jirani aliyekupeleka ofisini. Pawe na fedha kidogo isiyojulikana, na neno ambalo ukimtumia jirani huyo atajua kwamba aje na watu. Namba 1195, ya kuwasaidia waliofanyiwa ukatili, hupigwa bure wakati wowote, na ukipiga una haki ya kusema mwanzoni kabisa kwamba unahitaji mwanamke, kwamba wewe ni Mwislamu, na kwamba hutaki kuulizwa kabila lako. Anayekasirishwa na masharti hayo, omba mwingine. Kukosewa katika ofisi moja hakumaanishi kwamba msaada wote si wa watu kama wewe, ingawa naelewa kwa nini ulihisi hivyo.

Limebaki la mama yako. Unamficha ili presha isipande, na ni mapenzi yako kwake. Lakini je, una hakika kwamba hajui? Umesema mavyaa alisingizia mafua. Mama aliyekuzaa, akiisikia sauti yako kwenye simu siku zile, huenda alijua kwamba yale hayakuwa mafua, na huenda naye ananyamaza akikusubiri. Sijui kama hivyo ndivyo ilivyo. Unaweza kuanza kwa kumweleza kiasi kidogo, bila habari ya shingo, uone anakujibu nini. Ninalikazia hili kwa sababu umeuliza utabaki na nani, na mpaka sasa waliopewa nafasi ya kukujibu ni wanaume wa barazani na watu wa ofisini. Wanawake wa kwenu hawajaulizwa: mama yako, shangazi zako, somo yako aliyekufunda kabla ya harusi. Mmoja wao akisimama nawe, hata ami yako atalazimika kuketi upya na kusikiliza, safari hii nawe ukiwa barazani.

Yapime haya kwa wakati wako, isipokuwa lile la daktari, ambalo ningetamani lisipite wiki hii. Ukitaka kuniandikia tena, tumia simu ya jirani yako, ufute ujumbe ukishatuma, na uniambie ni saa ngapi nisikujibu.